Uzio Upo, Mboga Bado Zinaliwa: Mwongozo Kamili wa Kukinga Bustani ya Nyumbani

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Wavu umenunuliwa, nguzo zimesimama, geti lina komeo, na asubuhi tuta la kabichi limebaki vijiti. Mara nyingi wavu wenyewe hauna kosa. Mnyama amepita chini yake, au amepita getini, au aliyekula si yule aliyejengewa uzio.

Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa kufuata makosa hayo matatu, na mpangilio wake una maana. Anayeanza na nguzo kabla ya kumjua mharibifu huishia kujenga mara mbili.

## Vifaa

Vipimo vinatumia bustani ya mfano yenye mita 6 kwa mita 5, yaani mzunguko wa mita 22. Soma orodha yote sasa, lakini usinunue kitu mpaka umalize Hatua ya 1.

Kwa uzio:

- Wavu wa kuku wa waya uliopakwa zinki, matundu ya milimita 25, upana wa sentimita 180: mita 25. Zile mita 3 za ziada ni za maungio, viraka vya pembe na makosa ya kukata.
- Nguzo 13 za mita 2. Sita kati yake (nne za pembe na mbili za geti) ziwe na unene wa sentimita 10. Saba zilizobaki zinatosha kwa sentimita 6 hadi 7.
- Miti 8 ya mita 1.6 ya kuegemeza nguzo za pembe.
- Waya wa kukaza wa milimita 2.5: mita 75, kwa mistari mitatu.
- Waya laini wa kufungia, kilo 1, na misumari ya U, nusu kilo.
- Vigingi 60 vya waya mgumu vilivyokunjwa umbo la U, kila mguu sentimita 15 hadi 20.
- Mbao za fremu ya geti la upana wa sentimita 90, bawaba 2, komeo, na ubao mzito au mawe ya kizingiti.

Kwa ndege: mabomba ya plastiki ya milimita 20 yaliyokatwa mita 2.5 kila moja, na neti ya upana wa mita 2.5.

Kwa fuko: wavu wa kuchomelea uliopakwa zinki, matundu ya milimita 13.

Zana: mtarimbo, sepeto, nyundo, plaisi, mkasi wa kukatia waya, tepu ya kupimia, kamba, glavu nene na tochi. Glavu si mapambo. Ncha za wavu uliokatwa huchana mkono kama wembe.

## Hatua ya 1: Mjue anayekula (siku 3 hadi 4)

Jioni, chagua sehemu mbili au tatu karibu na mimea iliyoliwa. Lainisha udongo katika eneo la sentimita 60 kwa 60, mwaga juu yake mchanga laini au vumbi lililochekechwa, unene wa sentimita 1, kisha usawazishe kwa ubao. Usitumie unga, maana unga wenyewe huwaita panya. Rudi alfajiri kabla jua halijapanda na kabla watu na kuku hawajapita. Nyayo husomeka vizuri mwanga ukiwa wa upande.

Nyayo peke yake hazitoshi. Ukague na mmea:

Shina limekatwa kwa mshazari, safi kama kwa kisu. Sungura. Meno yake ya mbele yako juu na chini, hivyo hukata bila kuchana. Kinyesi chake ni vibonge vya duara vilivyotawanyika.

Jani limechanwa, ukingo una nyuzi. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au swala. Hawa hawana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hushika jani na kulivuta. Pima pia kimo cha uharibifu: sungura hafiki mbali zaidi ya sentimita 60, mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hupita mita moja na nusu.

Udongo umechakuliwa, miche imeng'olewa na kuachwa juu. Kuku. Anatafuta wadudu, na mche wako ulikuwa njiani tu.

Nyanya imedonolewa tundu moja, au jani la kabichi limebaki na mishipa mikuu. Ndege.

Karoti imeguguniwa na kuacha mikwaruzo miwili miwili, mbegu zimefukuliwa, maganda yameachwa rundo. Panya.

Mmea umenyauka ghafla, ukiushika unatoka na mzizi haupo. Fuko.

Matundu yenye kingo laini na utando wa ute unaong'aa. Konokono au koa.

Miche imekatwa usawa wa ardhi na kulazwa, haikuliwa. Kabla ya kumlaumu mnyama yeyote, fukua udongo sentimita 2 hadi 5 kuzunguka shina. Ukikuta kiwavi mnene aliyejikunja, huyo ni sota, na hakuna uzio utakaomzuia. Wengi wametumia wavu mzima kwa ajili ya sota.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kutaja mharibifu mmoja au wawili, na una ushahidi wa aina mbili kwa kila mmoja, mathalani nyayo na aina ya ukataji. Ushahidi mmoja ni kubahatisha.

Chagua kinga kwa jibu ulilopata. Kuku, sungura, mbuzi: Hatua ya 2 hadi ya 6. Ndege peke yao: ruka hadi Hatua ya 7. Fuko: Hatua ya 8. Panya: Hatua ya 9. Koa na konokono: Hatua ya 10.

Swala wakubwa wanahitaji uzio wa mita 2.4, kwa sababu mita 1.5 wanairuka bila kukimbia. Nungunungu hutafuna na kukunja wavu wa kuku, kwa hiyo sentimita 60 za chini, pamoja na ile sehemu inayolala ardhini (tazama Hatua ya 4), ziwe za wavu wa kuchomelea. Nyani na tumbili huukwea uzio wowote. Kwao kinachofaa ni kizimba chenye paa la wavu wa kuchomelea, au mtu wa kulinda saa wanazopita. Wanyamapori wengi wanalindwa na sheria, kwa hiyo kinga zote zilizoelezwa hapa kwa wanyama wa porini ni za kuzuia, si za kuua.

## Hatua ya 2: Safisha ukanda wa mita moja

Fyeka majani na ondoa marundo ya kuni, mawe na matofali kuzunguka bustani yote, upana wa mita 1 nje ya mstari wa uzio. Matawi yanayoning'inia juu ya mstari yakatwe pia.

Sababu ni mbili. Panya na sungura huogopa kuvuka uwazi, kwani hapo ndipo wanapokamatwa na bundi, paka na mwewe. Pili, utahitaji ukanda huo kulaza wavu katika Hatua ya 4, na wavu haulali vizuri juu ya visiki.

Jaza mashimo na mifereji kwenye mstari wenyewe. Wavu ni mnyoofu, ardhi siyo. Kila bonde dogo usilolijaza ni mlango.

## Hatua ya 3: Simamisha nguzo

Funga kamba kwenye vigingi vinne vya pembe. Ili pembe ziwe za mraba, pima mishazari yote miwili: kwa mita 6 kwa 5, kila mmoja uwe karibu mita 7.8. Ikitofautiana, sogeza kigingi mpaka ilingane.

Gawa kila upande vipande vitatu. Upande wa mita 6 utakuwa na nguzo kila mita 2, ule wa mita 5 kila mita 1.67. Hizo ni nguzo 12. Ya 13 isimamishwe sentimita 90 kutoka nguzo mojawapo ili kupata nafasi ya geti. Weka geti mbali na pembe. Nguzo ya pembe inavutwa na waya kutoka pande mbili, ukiibebesha na geti itainama.

Chimba mashimo ya kina cha sentimita 60. Bandua maganda ya nguzo kwanza, maana chini ya ganda ndiko unyevu na mchwa hukaa. Rudishia udongo kidogo kidogo, sentimita 15 kwa mara, na kila tabaka lishindiliwe kwa kichwa cha mtarimbo kabla ya linalofuata. Anayejaza shimo lote kisha akashindilia juu tu hupata nguzo inayocheza baada ya mvua ya pili. Udongo wa juu uwe kichuguu kidogo ili maji yatiririke mbali na shina la nguzo.

Usipake nguzo oili chafu ya magari. Inafukuza mchwa, ni kweli, lakini huvuja kwenye udongo ule ule unaootesha chakula.

Kila nguzo ya pembe iegemezwe na miti miwili ndani ya mistari ya uzio, mmoja kila upande, ikiishika kwenye kimo cha mita 1 na kuzikwa upande wa pili kwenye udongo mgumu au dhidi ya jiwe.

*Umefaulu ikiwa:* ukisukuma nguzo ya pembe kwa bega, haitikisiki hata kidogo. Nguzo za kati zinaweza kutikisika kiasi cha unene wa kidole, zaidi ya hapo shindilia upya.

## Hatua ya 4: Waya wa kukaza, kisha wavu

Funga mistari mitatu ya waya kuzunguka nguzo kwa upande wa nje: sentimita 10, 70 na 130 kutoka ardhini. Ikate kwenye nafasi ya geti. Kaza kwa plaisi mpaka waya utoe mlio ukiupiga kidole.

Wavu hufungwa nje ya nguzo. Mnyama anayesukuma hukutana na nguzo nyuma ya wavu. Ukifunga ndani, kila msukumo unang'oa misumari.

### Ukunjo wa chini

Hii ndiyo sehemu inayoamua kila kitu, na ndiyo inayorukwa na wengi ili kuokoa wavu.

Kabla ya kuinua wavu, ulaze chini, weka ubao mnyoofu sentimita 30 kutoka ukingo mmoja, kisha kunja hadi upate umbo la L. Kukunja wavu ulioshasimamishwa ni kujitesa. Ule upande wa sentimita 30 ulale juu ya ardhi ukielekea nje, na zile sentimita 150 zisimame. Kwa kuwa nguzo ina sentimita 140 juu ya ardhi, na waya wa mwisho uko 130, sentimita 20 za juu zitabaki zikilegea bila kushikiliwa na kitu. Ziache hivyo na uziinamishe kidogo nje. Kuku haruki uzio kwa mruko mmoja. Huruka hadi kwenye kitu cha kutua, kisha hushukia ndani. Wavu unaolegea hauna pa kutua. Ukiweka fito safi juu kwa ajili ya urembo, umemjengea kituo.

Kwa nini ulale nje, na kwa nini usizikwe wima? Mnyama anayechimba huanza pale pale uzio unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha, husogea kulia au kushoto kando ya uzio, lakini hana akili ya kurudi nyuma sentimita 30 na kuanza shimo huko. Wavu uliozikwa wima unahitaji mtaro wa mzunguko mzima, unaoza haraka, na mchimbaji mvumilivu huufikia mwisho wake.

Pigilia vigingi vya U kila sentimita 50 kwenye ukingo wa nje wa ukunjo, kisha mwaga udongo sentimita 3 hadi 5 juu yake. Nyasi zitapenya na kuushika kuliko kigingi chochote.

### Pembe

Wavu ukizunguka pembe, ule ukunjo wa chini hautageuka nao. Ukate mkato mmoja kutoka ukingo wa nje hadi kwenye mstari wa kukunja. Ukiugeuza, utaona mraba mtupu wa sentimita 30 kwa 30 umebaki hapo nje ya pembe. Huo ndio mlango wa sungura kwenye nyuzio nyingi zinazoitwa kamili. Kata viraka vinne vya sentimita 40 kwa 40, funika kila pembe, funga kwa waya pande zote na pigilia vigingi vinne.

### Kufunga

Anza kwenye nguzo moja ya geti na uzunguke mpaka nyingine. Piga misumari ya U kwenye nguzo kila sentimita 20, na funga wavu kwenye waya wa chini kila sentimita 30, wa kati na wa juu kila sentimita 50. Maungio yalaliane sentimita 15 na yashonwe kwa waya laini kuanzia ukingo wa ukunjo hadi juu, yasifungwe vifundo viwili vitatu tu.

Ukikosa wavu wa sentimita 180, tumia miwili ya sentimita 90: wa chini wenye ukunjo wa 30 na kimo cha 60, wa juu uulalie kwa sentimita 10. Uzio utapungua hadi sentimita 140, kimo kinachowatosha sungura na kuku wazito. Kwa kuku wepesi, punguza manyoya marefu ya bawa moja.

Palipo na mbuzi, ongeza mstari wa nne wa waya sentimita 40 kutoka ardhini. Mbuzi haruki sana akiwa na njia rahisi zaidi, naye njia yake ni kuegemea na kupanda kwa miguu ya mbele mpaka wavu ulale. Epuka wavu wa matundu ya sentimita 15 kwa 15: kichwa chenye pembe huingia na hakitoki, na mnyama anaweza kufia hapo.

## Hatua ya 5: Geti

Tengeneza fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 88 ndani ya nafasi ya 90, na weka mti wa mshazari kutoka bawaba ya chini hadi pembe ya juu upande wa komeo. Ukiugeuza, uzito wa geti hauna kinachoubeba na ndani ya miezi michache litaburuza chini. Vika fremu wavu ule ule.

Chini ya geti, chimba mtaro wa kina cha sentimita 25 na uzike humo ubao mzito, mawe au tofali zilizobana, juu yake iwe sawa na ardhi. Geti likifungwa, uwazi kati yake na kizingiti usizidi sentimita 2.

Geti lifunguke kuelekea nje, na upande wa komeo pigilia kipande cha mbao kwenye nguzo cha kulizuia lisipitilize ndani. Hivyo mnyama anayesukuma kutoka nje analibana zaidi. Komeo la ndoano moja mbuzi hulifungua kwa mdomo, chagua linalohitaji vitendo viwili, kuinua na kuvuta.

Halafu kuna watoto, na mikono iliyojaa mboga. Geti lisilojifunga lenyewe litaachwa wazi, hilo halina mjadala. Funga kamba kwenye ukingo wa geti upande wa komeo, ipitishe kwenye tundu la nguzo ya geti au kapi, na uning'inize chupa ya lita 2 iliyojaa maji upande wa pili. Uzito wa kilo 2 hurudisha geti la ukubwa huu bila kumwumiza mtu.

*Umefaulu ikiwa:* ukilifungua nusu na kuliachia, linarudi na kugota kwenye kizuizi.

## Hatua ya 6: Jaribu kabla ya mnyama

Chukua kijiti chenye unene wa sentimita 3. Zunguka uzio wote kwa magoti, ukikijaribisha kila penye maungio, pembe, chini ya geti na kando ya bawaba. Kikipita mahali, sungura mdogo anapita.

Kisha rudisha lile eneo la mchanga laini, safari hii mawili: moja nje ya geti na moja ndani. Kwa usiku tatu, nyayo za nje bila za ndani ndizo picha unayoitaka. Nyayo za ndani zikionekana, zifuate kinyume mpaka zilikotoka. Usiongeze kimo cha uzio kabla ya kufanya hivyo. Karibu kila mara jibu liko chini ya goti.

Kuna wanaoongeza waya wa umeme kwa nje. Unafaa, ila kwa mashine maalumu ya uzio tu, inayotoa mapigo mafupi. Usiunganishe uzio moja kwa moja na umeme wa nyumba. Unaua mtu, na wa kwanza kuugusa huwa ni mtoto wa nyumba hiyo.

## Hatua ya 7: Ndege

Kwa tuta la upana wa mita 1.2, pinda bomba la mita 2.5 na uzike kila mguu sentimita 30. Utapata upinde wenye kimo cha sentimita 60 hivi, unaotosha mboga za majani. Weka upinde kila mita 1, na fito moja ya kuunganisha vilele. Nyanya zinahitaji fremu ya mbao yenye kimo cha mita 1.8.

Neti ivutwe mpaka ikazike kama ngoma. Inayolegea hunasa ndege, mijusi na nyoka, na kumtoa nyoka aliye hai kwenye neti si kazi ya asubuhi. Chagua yenye matundu madogo yasiyopitisha kidole. Kingo zake zilale chini na kubanwa kwa mawe au mbao pande zote, kwa kuwa ndege hutembea na kuingia chini.

Maboga, matango na mimea mingine inayohitaji nyuki: funua neti asubuhi maua yakifunguka, funika mchana. Ukisahau, mmea utakuwa mzuri usio na tunda.

CD, mifuko na sanamu za kutishia hufanya kazi kwa siku chache, kisha ndege huzizoea. Zitumie tu wiki ile ya miche kuchipua, na uzihamishe kila siku 2 au 3.

## Hatua ya 8: Fuko

Jina fuko linabeba wanyama wawili wenye chakula tofauti. Mmoja hula mizizi na viazi. Mwingine hula minyoo na wadudu, na mizizi huiacha ikining'inia hewani kwenye njia yake. Ng'oa mmea ulionyauka: mzizi ukiwa umeguguniwa, endelea na hatua hii. Ukiwa mzima, shindilia udongo, mwagilia, na mmea utapona.

Fukua tuta kina cha sentimita 45. Tandika wavu wa kuchomelea wa milimita 13 chini na kwenye kuta zote nne, ukingo wake utokeze sentimita 15 juu ya ardhi, kwa sababu fuko hutembea juu usiku pia. Vipande vilaliane sentimita 10 na vishonwe. Rudishia udongo. Wavu wa kuku hapa haufai, waya wake mwembamba huoza mapema ardhini.

Ni kazi nzito. Ifanyie tuta moja au mawili ya karoti na viazi, mboga za majani ziache nje.

## Hatua ya 9: Panya

Uzio wa milimita 25 panya anaucheka. Panya mkubwa hupita kwenye tundu la milimita 12 hadi 13, yule mdogo wa ndani ya nyumba hata la milimita 6. Kwa hiyo kinga yao ni njaa na uwazi: okota matunda yaliyodondoka kila jioni, vuna kwa wakati, weka wavu wa milimita 6 chini ya pipa la mboji, na usiache chakula cha kuku usiku.

Kisha mitego. Panya hukiogopa kitu kipya, ndiyo maana mtego unaowekwa na kutegwa siku hiyo hiyo hubaki mtupu. Uweke na chambo bila kuutega kwa siku 3 hadi 4. Chambo kikianza kuliwa, utege. Uwe umeegemea ukuta au ubao, kichwa chenye chambo kikigusa ukuta, maana panya hutembea akiupapasa ukuta kwa ndevu. Ufunike kwa sanduku lenye tundu la sentimita 6 ili kuku na paka wasinaswe.

Sumu ya panya usiiweke bustanini. Panya aliyekula huendelea kutembea kwa siku kadhaa, na paka, mbwa au bundi anayemla anaweza kufa naye. Wanaochanganya viuatilifu vya mazao na nafaka wanacheza na uhai wa watoto wao.

## Hatua ya 10: Konokono na koa

Hamisha umwagiliaji kutoka jioni kwenda asubuhi. Hilo peke yake huwapunguza sana, kwa vile wanahitaji udongo wenye unyevu ili kutembea usiku.

Jioni, laza mbao zenye unyevu kati ya matuta, kila moja ikiinuliwa sentimita 2 kwa kijiwe. Alfajiri zigeuze, utawakuta wamejibanza. Wakusanye kwa glavu na uwatumbukize kwenye ndoo ya maji yenye sabuni. Glavu ni lazima, wengine hubeba minyoo inayodhuru binadamu, na kwa sababu hiyo hiyo mboga za kuliwa mbichi zioshwe jani kwa jani.

Majivu hufanya kazi yakiwa makavu tu. Chumvi usiimwage tutani hata kidogo: koa atakufa, na miche itamfuata. Tuta lililoinuliwa kwa mbao unaweza kulizungushia ukanda wa shaba wa upana wa sentimita 5 hadi 10, lakini kata majani yote yanayoning'inia nje, vinginevyo yanakuwa madaraja.

*Umefaulu ikiwa:* idadi chini ya mbao inashuka kila wiki. Isiposhuka baada ya wiki 3, matandazo yako ni mazito mno karibu na mashina, yasogeze sentimita 10 nyuma.

## Dawa ya pilipili: lini inafaa

Saga gramu 100 za pilipili kali, loweka usiku kucha kwenye lita 1 ya maji, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kidogo cha sabuni ya maji. Jaribu kwenye jani moja na subiri siku moja. Nyunyiza jioni, kila siku 5 hadi 7, na tena baada ya mvua. Vaa glavu na usisimame upande upepo unakoelekea.

Inawasumbua sungura, mbuzi na panya. Ndege hawahisi ukali wa pilipili kabisa, kwa hiyo kuwanyunyizia ni kupoteza pilipili. Isitumike kwenye majani utakayovuna wiki hiyo. Na ichukuliwe kama kinga ya muda wakati nguzo zinasimamishwa, siyo badala yake.

## Ukaguzi

Dakika 10 kila wiki, na siku hiyo hiyo baada ya mvua kubwa, kwa mpangilio huu: chini ya geti, maji ya chupa (hupungua kwa jua), viraka vinne vya pembe, ukunjo ulipofukuliwa na maji, maungio, na mwisho matawi mapya yanayoelekea juu ya uzio. Tundu likionekana, lishone siku hiyo kwa kipande cha wavu kinacholizidi sentimita 10 kila upande. Mnyama akishapita mara moja na kula, hurudi mahali pale pale usiku unaofuata.